Nayira Anahamia Kitabu cha Kijani

Jumamosi ile Précieuse alirudi kutoka Mangobo saa kumi na nusu, akaweka karatasi yake juu ya gunia la maharage, akasema neno moja: "Bamekataa."

Koko yake, bibi mzaa mama, Mama Kavugho, alikuwa kwenye kiti chake kifupi akichambua maharage ya Butembo, mazuri huku, mawe kule. Hakuuliza haraka. Mtoto huyu ukimuuliza haraka anakujibu kwa kifupi, na akishajibu amemaliza. Akamwacha anywe maji, akamwacha avue viatu, ndipo akauliza ni nani amekataa, na amekataa nini.

Aliyekataa ni Lydie, binti wa Papa Philippe mwenye baleinière, zile boti kubwa za mbao za mtoni. Alichokataa ni Nayira.

Nayira hakuwa mtu. Kavugho alijua hilo vizuri, ingawa kwa miaka miwili alilisikia jina hilo nyumbani mwake zaidi kuliko majina ya wajukuu wengine wenye miili. Nayira alikuwa mwanamke wa kwenye karatasi. Kila Jumapili mjukuu wake mkubwa, Isaïe, aliketi kichwani mwa meza na kuwaambia wenzake: mmefika kwenye daraja, daraja limevunjika, mnafanya nini? Kila mmoja alieleza mtu wake wa karatasi anafanya nini, kisha wakatupa dadu zenye pande nyingi, na dadu zikasema kama amefaulu au ameanguka. Watu wa wengine walibeba mapanga. Nayira, mtu wa Précieuse, alibeba sort. Watoto walisema sort, kwa Kifaransa, maana uchawi ukitajwa kwa Kiswahili majirani wanafunga madirisha. Sort haijawahi kumtisha mtu Kisangani.

Mambo haya Kavugho aliyaacha yaendelee nyumbani mwake kwa sababu moja. Mama yake Précieuse, Claudine, alikuwa binti yake wa tatu. Alikuwa akirudi kutoka Basoko na samaki wa kukauka, baleinière ikapinduka mtoni, chini ya mji wa Isangi, na mto ukamrudisha siku ya nne. Sasa ni miaka mitatu. Baba wa mtoto yuko Kinshasa, anatuma salamu. Précieuse hakuwa bubu: anajibu salamu, anajibu mwalimu, akitumwa anakwenda. Ila haanzi. Tangu maziko ya mama yake hakuna siku aliyoamka akasema zaidi ya neno moja bila kuulizwa. Ni mezani tu, kwa Isaïe, ndipo alipoanza. Pale alibishana, alitukana majitu, aliwaambia binamu zake waende kushoto wakati wenyewe wanataka kulia. Kavugho alikuwa akikaa chumba cha pili na kusikiliza kama mtu anayesikiliza redio.

Sasa Isaïe amepata kazi ya kufundisha Banalia, na meza yake ya mchezo imevunjika. Meza iliyobaki ni ya Lydie.

"Anasema nini hasa, Lydie?" Kavugho akauliza.

"Kitabu yake na yetu haipatane."

Kavugho alisoma miaka mitatu ya shule ya msingi, huko Lubero. Kiswahili cha kitabu cha sala alikisoma kwa kidole. Kifaransa cha vitabu vya mchezo, hata kwa kidole, kilimkataa. Basi akamwambia mtoto amweleze, polepole, maana maharage ni mengi. Ilichukua jioni nne, kwa sababu kila kitu alikiuliza mara mbili, na mara ya pili jibu lilikuwa refu kidogo.

Vitabu vyote viwili vilikuwa fotokopi, kile cha Isaïe na jalada jeusi, kile cha Lydie na jalada la kijani. Katika kile cheusi, magicienne, mwanamke wa sort kama Nayira, ana mfuko wa nguvu. Mfuko wa Nayira ulikuwa na arobaini. Sort ndogo inakula mbili, kubwa inakula kumi, na mfuko ukiisha anaweza kuendelea, lakini anakula damu yake mwenyewe. Katika kile cha kijani hakuna mfuko. Magicienne anaamka asubuhi, anafungua kitabu chake, anachagua sort za siku hiyo na kuzipanga kichwani. Akitumia moja, imetoka mpaka kesho. Ukichagua moto, na siku hiyo ukakutana na mafuriko, pole yako.

Kavugho aliwaza. Huyu wa kitabu cha kijani ni mama anayekaanga mikate yote alfajiri, anaipanga kwenye sinia na kwenda kuuza, ikiisha, imeisha. Huyu wa kitabu cheusi ni mama anayekaa na unga wake na mafuta yake, anakaanga mteja akifika. Wote wawili aliwajua, mmoja soko kuu, mmoja karibu na parokia. Hakuna kati yao aliyekuwa mwongo.

"Na arobaini ya kile cheusi, ni ngapi ya kile cha kijani?"

"Koko, ni hiyo. Hakuna mutu anajua. Bale baliandika kimoja habajuane na bale ba kingine."

Kwa hiyo, Lydie alikuwa amesema, Nayira azaliwe upya. Niveau ya kwanza, ngazi ya chini kabisa, sort mbili, na kukimbia panya. Yeye aliyekuwa niveau ya saba. Na ile sort yake ambayo haimo katika kitabu chochote, aiache huko huko.

"Ni sort gani hiyo?"

"Iko tu."

Kavugho alisikia kwamba ndani ya jibu hilo kuna kitu. Akaliacha. Lakini akaona kwamba tangu siku ya Jumamosi karatasi ya Nayira imewekwa chini ya godoro, na kwamba, nje ya maelezo hayo, mtoto amerudi kujibu kwa neno moja moja, na sasa hata Jumapili haitakuwepo.

Usiku hakulala vizuri, asubuhi alikuwa ameamua. Yeye alikuwa ameoza mabinti wanne. Alijua kwamba mwanamke akihama nyumba moja kwenda nyingine, na nyumba hizo hazifanyi mambo namna moja, watoto hawaachwi wagombane wenyewe. Watu wazima wanakwenda, wanabeba kaziye ya sucré, kreti nzima ya soda, na wanakwenda na mwanamume anayejua kusema.

Mwanamume anayejua kusema alikuwa Papa Paluku, mdogo wa marehemu mume wake, msemaji wa ndoa zote za familia. Alikuwa na hotuba moja, nzuri, ambayo ilikuwa imefanya kazi miaka thelathini. Kavugho alimweleza habari yote: mfuko, asubuhi, arobaini, kitabu cheusi na cha kijani. Paluku alisikiliza, akasema ameelewa. Aliuliza tu kama kinywaji kitakuwa cha baridi.

Jumapili, baada ya misa ya pili, walipanda pikipiki mbili mpaka Mangobo. Paluku katika tai, kaziye mapajani. Kavugho katika kitambaa cha akina mama wa parokia. Précieuse nyuma ya koko yake, karatasi ya Nayira ndani ya plastiki.

Papa Philippe ni mtu wa Yanonge, amezaliwa mtoni, ana baleinière mbili. Walimkuta katika parcelle yake, uani, katika singleti akisafisha kabureta. Aliona kitambaa, akaona tai, akaona kaziye. Aliwasalimu vizuri, akasema wamngojee kidogo, akaingia ndani na kutoka amevaa koti. Akatuma viletwe viti vinne kwa jirani. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, ambako Lydie alikuwa ameketi na Glodi, mchezaji wa mezani kwake, na wenzao wawili mbele ya kitabu cha kijani, akamwambia akanawe uso na kuvaa liputa, kitenge cha heshima. Lydie akauliza kwa nini. Baba yake akasema atajua.

Kavugho aliyaona hayo yote, akafikiri: hii ni familia yenye heshima.

Paluku akasimama.

"Papa Philippe, sisi tuko bantu ya kupita tu. Lakini katika kupita, macho yetu iliona kitu muzuri katika hii parcelle. Tangu siku ile, hatulale. Ndiyo maana tumekuya na hii kitu kidogo ya kulowanisha koo, ili mutusikilize."

Papa Philippe akauliza, kama inavyotakiwa, kama wana hakika hawajakosea mlango. Paluku akasema mlango ni huu. Papa Philippe akamwita Lydie, ambaye alikuwa amefika na liputa na uso wa mtu wa douane anayekagua mizigo, akamuuliza mbele ya wote kama anawajua watu hawa, na kama yeye baba yake anaweza kufungua chupa. Lydie akasema msichana anamjua, na kufungua afungue, kuna joto.

Akafungua. Kila mtu akanywa. Na hapo, iwe kwa watu wa mlimani, kwao Kavugho, au kwa watu wa mtoni, hakuna kurudi: ukishakunywa kinywaji cha mtu, unasikiliza shida yake mpaka mwisho.

Papa Philippe akafuta midomo. "Bon. Kijana mwenyewe ni nani?"

"Haiko kijana," Kavugho akasema. "Ni mwanamuke. Anaitwa Nayira. Iko niveau ya saba."

Glodi, ambaye alikuwa amejisogeza mpaka kona ya nyumba ili asikie, alitokwa na sucré puani. Papa Philippe akatazama glasi yake, kisha tai ya Paluku, kisha binti yake.

"Mama," akasema taratibu, "mi nilifikiri mumekuya juu ya Lydie."

"Tumekuya juu ya Lydie. Ni yeye anakataa."

Ilibidi maelezo. Lydie aliyatoa, kwa haraka na kwa aibu, na alipomaliza Papa Philippe aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza injini. Alikuwa amekwisha kumtuma mtu amwite mdogo wake aje kusema upande wa binti. Alikuwa amevaa koti. Alikuwa amekunywa. Akasema alors, basi, kwa sababu neno limekwisha kufika katika parcelle yake, atalisikiliza, na kila upande useme.

Lydie akasimama kutetea nyumba yake, na Kavugho alipomsikia akaona kwamba si mtoto mbaya. Alikuwa amefanya kazi mwaka mzima kutengeneza nchi ya mchezo wake, mji kwa mji, njia kwa njia. Katika kitabu chake kila kitu kina kipimo. Mtu akiingia na mfuko wa arobaini, wakati wenzake wanahesabu sort tatu kwa siku, wenzake watakuwa wabeba mizigo wake.

"Koko, sikukataa juu ya roho mbaya. Arobaini haiingie. Katika kitabu yangu, hakuna mahali ya kuiandika."

"Usiiandike," Kavugho akasema. "Mi nauzisha maharage ya Butembo. Kule banapima na kopo yabo. Huku kopo iko ingine. Mi silete kopo, mutoto yangu. Naleta maharage, tunapima tena."

"Tunapima na nini?"

"Na siku. Mutoto aseme: siku ile ngumu kuliko zote, Nayira alifanya nini, tangu asubuhi mpaka kulala."

Kila mtu akamgeukia Précieuse. Alitoa karatasi ndani ya plastiki, akasoma kwa sauti ndogo: aliwasha mwanga mara tatu, aliweka ngao mara mbili, aliita upepo, aliangusha ukuta, na mwisho, mfuko ukiwa mtupu, alilipa kwa damu akaangusha ukuta wa pili. Kisha akalala siku mbili. Lydie alifuata kwa kidole katika kitabu cha kijani. Huko, anayefanya hayo katika siku moja ni niveau ya tano.

"Saba," Précieuse akasema.

"Tano. Bile bya damu sihesabu."

"Tano si mbaya," akasema Papa Philippe, ambaye dakika kumi zilizopita hakujua kwamba kuna niveau. "Wewe Glodi uko ya ngapi?"

"Ya ine, Papa Philippe."

"Basi nyamaza."

Paluku akaona mambo yanakwenda vizuri, akafungua chupa yake ya pili.

Ikabaki ile sort isiyo na kitabu. Lydie akainua mikono. Hapo, akasema, hapana, hata wakileta kaziye kumi. Isaïe alimpa Précieuse sort aliyoitunga mwenyewe, kwa sababu ni binamu yake na anamwonea huruma. Yeye Lydie hana binamu mezani. Na nchi yake yote iko juu ya mto, ina vivuko saba, kila kivuko amekiwaza wiki nzima. Sort hiyo ikiingia, vivuko vyote vimekufa.

"Inafanya nini?" Papa Philippe akauliza.

Lydie alitaka kujibu, baba yake akamzuia kwa mkono. Alikuwa anamtazama Précieuse.

Précieuse alitazama karatasi. Kavugho hakumgusa na hakumsaidia.

"Inasimamisha maji," mtoto akasema.

"Muto yote?"

"Hapana. Pale tu. Kama parcelle hii."

"Kwa saa ngapi?"

"Pumzi moja."

Papa Philippe aliweka glasi chini. Alikuwa mtu wa mto, akauliza kama mtu wa mto. Je, maji yakisimama, yanakuwa magumu, mtu anaweza kukanyaga? Hapana, yanabaki maji. Je, kinachozama kinaendelea kuzama? Hapana, kinabaki pale kilipo. Na mkondo? Unasimama. Na watu walio chini? Précieuse akafikiri, akasema wanabaki chini, lakini hawaendi mbali.

"Pumzi moja haitoshi kugeuza baleinière," Papa Philippe akasema.

"Najua."

"Inatosha mutu mumoja ashike ubao. Kama ubao iko karibu."

"Ni hiyo," Précieuse akasema. "Ni kwa ile tu."

Mangobo nzima ilijua ile baleinière ya chini ya Isangi. Hakuna aliyeitaja. Glodi alitazama viatu vyake. Kavugho, ambaye kwa miaka miwili alisikiliza kutoka chumba cha pili na hakuisikia sort hiyo hata mara moja, aliweka mikono yake juu ya magoti, mmoja juu ya mwingine, akangoja.

Papa Philippe akamwambia binti yake kwamba kivuko ambacho kinakufa kwa pumzi moja hakikuwa kivuko. Akitaka, atamweleza vivuko ambavyo hata pumzi kumi hazitoshi, yeye mwenyewe amevuka vinne kwenda Basoko. Lydie akasema anataka. Akachukua kalamu, akafungua ukurasa wa nyuma wa kitabu cha kijani, ule mtupu, akaandika, akafuta, akaandika.

"Bon," akasema. "Inaingia. Lakini asubuhi ukichagua hiyo, huchague ingine. Nafasi zote za siku, ni yake. Na ukiitumia, unalipa damu, kama kwa kitabu cheusi."

"Hapana," Précieuse akasema.

Kavugho akainua kichwa.

"Hapana, yaya Lydie," akasema, kama anavyoitwa dada mkubwa. "Nalipa mara moja. Ukiniondolea sort zingine zote, damu inabakia yangu. Ukitaka damu, uniachie sort. Hauwezi kunikamata huku na huku. Kwa Isaïe nililipa damu juu mufuko ilikuwa yangu, niliichunga mimi. Hapa mufuko umenyanganya, alors damu unaitakia nini?"

Lydie akasema kwamba sort kubwa lazima iume. Précieuse akasema kukaa siku nzima na fimbo tupu mbele ya majitu kunauma vya kutosha, na kama yaya Lydie hasadiki, ajaribu yeye. Glodi akasema huyu naye ametoka wapi na mdomo huu. Précieuse akamwambia yeye wa niveau ya ine angoje aitwe. Waliendelea hivyo. Papa Philippe alijaribu mara moja kutoa maoni, wakamwambia angoje na yeye. Mdogo wake alifika katika suti ya kijivu, akaketi, akapewa chupa, akasikiliza habari ya damu kwa muda, akamuuliza Paluku sikioni kama upande wa mwanamume ni wao. Paluku akasema mambo bado, lakini mioyo imeshafunguka.

Mwisho Lydie aliifuta damu. Akaandika: nafasi zote, mara moja, pumzi moja. Tano.

"Sita," Précieuse akasema.

"Tano, ao unarudi kwenu."

Précieuse akavuta kiti.

Wakahamia nyuma ya nyumba, na Kavugho akaomba akae pembeni, kwa kuwa pikipiki za saa hizo ni za shida. Lydie aliweka kitabu mbele yake, akabadilisha sauti. Akasema ni asubuhi, ukungu, wamelala katika kijiji kilichoachwa. Glodi ananoa panga. Nayira amefungua kitabu chake. Anachagua nini?

Kavugho aliona kidole cha Précieuse kikishuka juu ya orodha ya moto, ngao, upepo, vitu vyote vya maana kwa mtu aliyelala katika kijiji kilichoachwa. Kisha akasema anachagua ya maji.

"Njia ya leo iko pori tu," Glodi akamwonya. "Hakuna maji."

"Najua."

Basi siku nzima ile ya mchezo Nayira alitembea bila kitu. Walikutana na majambazi, akawapiga kwa fimbo, dadu ikasema amekosa. Walikutana na panya wakubwa kama mbuzi, akapanda mti. Glodi alimwita magicienne wa ufagio, yeye akamjibu kwamba ufagio huu ndio uliomwondolea panya mgongoni, na kama anataka atamrudishia. Lydie alicheka mpaka akapoteza ukurasa. Pori lilikuwa pori mpaka mwisho. Hata kijito hakikutokea.

Saa kumi na moja Kavugho alimwamsha Paluku, wakaaga. Papa Philippe aliwasindikiza mpaka barabarani akiwa bado na koti, akasema hotuba ilikuwa nzuri, na kama siku moja familia ina kijana wa kweli, mlango wanaujua.

Hawakupata pikipiki mpaka karibu na soko, kwa hiyo walitembea. Paluku akatangulia na kaziye ya chupa tupu. Précieuse alitembea kando ya koko yake, plastiki kwapani. Walipopita kituo cha mafuta akasema kwamba Lydie ni mwizi wa niveau, kila mtu ameona, na Jumapili ijayo yeye atarudi kudai ile ya sita, na kwamba Koko safari hii abakie nyumbani, hakuna haja ya tai wala ya sucré, atasema mwenyewe.

Kavugho akasema vizuri. Akamwomba tu amweleze tena habari ya wale panya, maana pale kwenye mti hakuelewa.